Jibu: Janamsakhi B40 haionekani kwenye katalogi, na mwaka unanichanganya

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: unatafuta Janamsakhi B40, ile hati ya mkono ya maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masikh, ukiandika "Sikh" kwenye katalogi ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, huambulii cha maana, na mahali pengine umekuta mwaka 1790 wakati wengine wanasema 1733.

Mwaka kwanza. 1790 ni wa Vikram, kalenda ya Kihindi. Toa 57, unabaki na 1733. Tarehe ikiangukia Januari hadi Machi, toa 56. Ukisoma picha mwenyewe, angalia tarakimu 1 ya Kigurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi: ina umbo kama 9 yetu. Mimi ilinipotezea wiki nzima.

Sasa katalogi. Achana na "Sikh". Orodha za zamani zilipangwa kwa lugha, kwa hiyo andika "Panjabi", kisha "Punjabi", halafu namba ya hati yenyewe, Panj B 40. Pitia na Hindi, maana maandiko mengi ya Masikh ni lugha ya Braj, ndugu wa Kihindi, iliyovaa herufi za Kigurmukhi. Ukiipata orodha ya Christopher Shackle ya 1977, ya hati za Kipunjabi za maktaba hiyo, anza nayo kabla hujagusa kompyuta.

Kwa hati nyingine, Panjab Digital Library ya Chandigarh ina picha mtandaoni, huhitaji nauli. Ila kitabu cha kabla ya Juni 1984 kikikuelekeza maktaba ya Hekalu la Dhahabu, Amritsar, uliza kwanza kama hati bado ipo, maana maktaba hiyo iliungua mwezi huo jeshi la India lilipovamia hekalu.

Ukikwama kwenye ukurasa, uweke hapa. Maneno yameunganishwa bila nafasi, nami huyasoma kwa kudonoadonoa tu.