Majini Hayana Umri: Riwaya Yako ya Fantasia Ni ya Nani?

Mswada wangu wa kwanza wa fantasia ulirudi kutoka kwa mchapishaji na swali moja la penseli pembeni: "Wa darasa la ngapi?" Nilikasirika. Nilikuwa nimeandika maneno 80,000 kuhusu Mwanaidi, binti wa miaka 12 anayechukuliwa na majini wa baharini, na kwenye barua nikajigamba kwamba kitabu ni "cha rika zote". Siku hizi nikimsikia mwandishi akisema hivyo, najua bado hajaamua.

Kwanza nilidhani tatizo ni vitisho. Nikapunguza damu, nikampoza jini mkuu mpaka akawa kama mjomba. Kazi bure. Bibi alitusimulia zimwi linalomeza kijiji kizima, mbuzi na kuku, nasi wa miaka mitano tukamdai aanze upya!

Umri wa mhusika nao husaidia nusu tu. Wachapishaji wa Uingereza na Marekani hugawa wasomaji takriban hivi: miaka 8 hadi 12, kisha 12 hadi 18. Tena mtoto hupenda kusoma habari za aliyemzidi mwaka mmoja au miwili. Lakini Mwanaidi wangu alikuwa na miaka 12 kwa kutajwa tu. Mawazo yake yalikuwa ya shangazi aliyeachika mara mbili. Wala usijitetee kwa Harry Potter. Kitabu cha kwanza kilitoka 1997 na mhusika anatimiza miaka 11. Cha saba kilitoka 2007 naye anatimiza 17. Wasomaji walipewa miaka kumi ya kukua naye. Wewe una kitabu kimoja.

Kilichonifungua macho ni baraza la nyumbani. Niliwasomea watoto wa jirani sura ya katikati (usiwasomee ya kwanza, hiyo kila mtu huisifu), pale Mwanaidi anapogundua kwamba mama yake ndiye aliyemwahidi kwa majini. Wa darasa la tano walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Sasa atarudi kwao lini?" Mpwa wangu wa kidato cha pili akamgeukia: "Kwani lazima arudi?"

Nikarudi kwenye mswada na maswali hayo mawili. La mdogo lilikuwa na kurasa kama kumi. La mpwa wangu lilijaza kitabu kizima: je, binti anaweza kumpenda mama aliyemtoa, na akikataa, ataishi wapi? Basi nikampa Mwanaidi miaka 15, nikarudisha damu niliyoifuta, nikamwacha asimulie mwenyewe bila msimulizi wa kumfariji msomaji kila baada ya aya mbili. Sura nne za mbuzi anayesema nikazikata. Hizo ziliniuma, yule mbuzi alikuwa mcheshi kuliko wote.

Nimemweka kwenye faili lake. Nadhani yeye ni wa darasa la tatu.