Kanuni za mwenendo kwa kikundi kidogo: ndiyo, ziandikeni

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu cha programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha) pale Sinza, watu kumi na kitu mnaojuana, kinahitaji kanuni za mwenendo zilizoandikwa. Kinahitaji, tena kabla hamjagombana. Mkishagombana, kila kanuni itaonekana imetungwa kumlenga mtu.

Msianzie sifuri. Contributor Covenant, kanuni za mwenendo zilizokwisha kuandikwa kwa ajili ya miradi ya programu huria, ipo tangu 2014, na mnaruhusiwa kuinakili na kuirekebisha. Hata watengenezaji wa Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, waliozoeleka kwa maneno makali, waliipitisha mwaka 2018.

Kinachosahaulika ni nani apokee malalamiko. Wekeni watu wawili, na mmoja asiwe mwanzilishi. Mwanzilishi akilalamikiwa yeye mwenyewe, mtu aende kwa nani? Andikeni pia hatua: kurekebishwa faragha, onyo, kusimamishwa kwa muda, kutolewa kabisa.

Halafu wekeni mifano ya kwenu. "Mstari wa 40 wa msimbo unakwama jina likiwa na nafasi kati ya maneno, jaribu hivi" ni ukosoaji, na unaruhusiwa hata ukiuma. "Nani kakufundisha kuandika upuuzi huu?" ni kumvunjia mtu heshima. Ongezeni utani wa makabila na kumcheka mtu kwa Kiingereza chake; hapa Dar hayo hupita kama mchezo, lakini nimeona vijana wazuri wakiacha kuchangia kwa sababu hiyo tu, bila hata kuaga. Na kundi lenu la WhatsApp liwe chini ya kanuni hizohizo, maana maneno mabaya huanzia huko.