Tuuze ng'ombe mama atundikiwe dripu ya eksosomu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata siku moja ila kapika kwa kuni maisha yake yote, sasa hospitali wanasema ana COPD, ugonjwa wa kudumu wa mapafu unaobana pumzi, akitoka kisimani anasimama mara tatu njiani. Kuna video imezunguka wasapu inasema nje ya nchi kuna dripu ya eksosomu inaotesha mapafu mapya, bei yake ni tuuze ng'ombe wote. Kaka zangu washakubali, mimi roho inasita. Hizo eksosomu ni nini? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na mama. Msiuze ng'ombe.

Eksosomu zipo kweli. Ni vibahasha vidogo mno vinavyotolewa na seli, nanomita 30 hadi 150, kwenye upana wa unywele mmoja unapanga mamia. Zamani vilionekana kama taka za seli tu, mpaka 2007 watafiti wa Göteborg kule Sweden wakaonyesha vinabeba RNA, yaani maagizo ambayo seli nyingine ikiyapokea inayafanyia kazi.

Sasa hao wa video hawasemi kwamba bahasha inabeba kilichowekwa ndani, kizuri au kibaya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, walichukua eksosomu za wagonjwa wa COPD wakawawekea panya, na mapafu ya panya yakaharibika. Zilikuwa zimetoka kwenye chembe nyeupe za damu, juu yake zimebeba kimeng'enya kinachokula zile nyuzi zinazofanya pafu livutike na kurudi, na kikikaa pale kinga ya mwili inayokizuiaga haikiwezi.

Zinazotafutiwa tiba ni za seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, kwa mfano za uboho. Kwa wanyama zimepunguza uvimbe wa mapafu, kwa binadamu zimejaribiwa kwa wagonjwa mahututi wa korona, na mimi nina matumaini nazo kabisa, ila kuotesha mapafu mapya kwa mtu mwenye COPD hakuna aliyeonyesha. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika vibaya na bidhaa za eksosomu ambazo hazijaidhinishwa.

Kwa mama anzeni na moshi, mtungi wa gesi ukishindikana basi jiko litoke nje. Makohozi apimwe TB kama bado. Halafu kaa naye umwangalie anavyotumia inhela: atikise, atoe pumzi yote, abonyeze huku anavuta taratibu, abane mpaka kumi. Akishindwa, muulize nesi akuonyeshe kutengeneza spesa, yaani chombo cha kupokea dawa kabla hajaivuta, kwa chupa ya maji ya nusu lita, unatoboa kitako tundu la kubana mdomo wa inhela, mama anavutia kule kwenye shingo ya chupa. Na akipanda kile kilima cha kisimani atoe pumzi kwa midomo iliyobana, polepole, kama anapoza chai.

Niandikie jina lililo kwenye inhela yake nijue ni ya kila siku au ya akibanwa tu, maana wengi wanazichanganya.