Miksi ya Kitwe, na ile ya kwanza niliyoifuta

Juzi kijana mmoja wa Kahama kanitumia ujumbe: "Kaka, shikamoo. Ile miksi ya Kitwe nimeirudia mara nne. Na mimi nataka kutengeneza ya muziki wa zamani wa mji mmoja, nianzie wapi?" Nikamjibu marahaba, halafu nikakaa kimya siku mbili. Jibu la kweli ni refu na lina aibu ndani yake. Miksi aliyoisikia, ya rock ya zamani ya mji wa Kitwe, Zambia, ni ya pili. Ya kwanza niliifuta mwenyewe saa nane za usiku, na kabla ya kuifuta nilikuwa nimeshawatumia watu zaidi ya mia.

Nimekulia Tunduma. Mjomba wangu alifanya kazi TAZARA, na kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi mkoba wake ulikuwa na kaseti. Nyingi zilikuwa za Kikongo. Moja haikuwa na jina wala karatasi, na ndani yake kulikuwa na gitaa linalokwaruza kama mtu anaburuta bati kwenye lami. Mjomba aliuita "muziki wa wachimba shaba", basi. Kaseti ile ililiwa na redio mwaka ambao hata siukumbuki, lakini sauti ya lile bati ilinibaki kichwani.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba muziki ule una jina, Zamrock, yaani rock ya Wazambia ya miaka ya 1970, na kwamba Kitwe, mji wa migodi kule Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, ulitoa bendi zenye uzito wake. WITCH, kifupi cha We Intend To Cause Havoc, ni wa huko. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda walimbandika jina la Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones. Peace walitoka Chamboli, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Amanaz nao ni wa Kitwe hiyo hiyo. Vijana waliokua na pesa ya shaba mtaani, redio ikiwaletea mpiga gitaa Jimi Hendrix na Rolling Stones, na Rais Kaunda akitaka asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia wenyewe. Halafu bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, na mambo yakawa magumu kwa kila mtu.

Sasa mimi na kiherehere changu. Nilikusanya nyimbo 26, saa mbili kasoro, nikaziita "Kitwe". Nikapata nafasi ya kuipiga kwenye baa moja hapa Dar es Salaam, Ijumaa. Dakika ya ishirini meneja akaja nyuma yangu, akanigusa bega, akasema, "Bro, weka amapiano, watu wanaondoka." Watu hawakuwa wanaondoka. Mzee mmoja kaunta alikuwa anatikisa kichwa kabisa, na bia yake haijafika nusu. Lakini nikaweka amapiano. Mpaka leo nikipita ile barabara natazama upande wa pili.

Lile ningelivumilia. Kilichoniua ni ujumbe wa Mzambia mmoja baada ya kuiweka mtandaoni: "Musi-O-Tunya umewaweka Kitwe kwa kigezo gani?" Sikuwa na kigezo. Nilimpenda Rikki Ililonga, kiongozi wa bendi hiyo, nikamsukumiza humo. Albamu yao Wings of Africa ya mwaka 1975 ilirekodiwa Nairobi, Nairobi hii hii ya kwetu Afrika Mashariki, na mimi mwenye kujiita mjuzi nikaihamishia migodini! Hata jina la bendi lingenishtua: ni maporomoko ya Mto Zambezi, moshi unaonguruma, kusini kabisa mwa Zambia. Mswahili akisikia "musi" anasikia moshi. Nilisikia moshi nikaufuata mpaka nikapotea. Usiku ule nikafuta kila kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu, la kwanza: ukisema mji, baki kwenye mji. Nilibaki na bendi tatu na nyimbo 11, dakika 44. Wimbo unaoupenda kuliko yote ukiwa wa mji mwingine, uache. Utauma, uache.

La pili ni hicho kitufe cha kulinganisha mapigo kwenye programu ya kuchanganyia muziki. Kizime. Wale wapiga ngoma hawakurekodi na mashine ya kuhesabu masikioni. Boidi Sinkala, mpiga ngoma wa WITCH, anaanza kwa adabu, gitaa la solo likiingia keshapata moto na wimbo umekimbia. Ukiacha programu inyooshe hayo, unapata jeneza lililopigwa rangi nzuri. Sikiliza, subiri ngoma ipumue, ingiza wimbo wa pili hapo. Nimetumia wiki tatu kwenye miunganisho kumi tu, na sioni aibu kusema.

Na sasa niruhusu nijisifu kidogo. Albamu ya Amanaz iitwayo Africa, ya mwaka 1975, imechanganywa studio kwa namna mbili. Namna moja ni kavu, gitaa liko mbele yako kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Nyingine imejaa mwangwi, sauti zinatoka mbali kana kwamba bendi imeshuka shimoni. Nikachukua "Khala My Friend" zote mbili. Nikaanza na ile kavu. Ilipofika katikati nikaileta ya mwangwi chini kwa chini, kidole kimoja pembeni mwa santuri, nikiisukuma na kuizuia, maana hazikimbii sawasawa. Zikipishana kidogo tu unasikia mwimbaji anajifuata mwenyewe kama mlevi na kivuli chake. Kwenye jaribio la kumi na saba zilishikana, nikafunga ile kavu polepole, na wimbo ule ule ukawa umeingia ardhini. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Mpangilio nao niliubadilisha. Mwanzo nilipanga kama usiku wa disko, taratibu kwenda moto. Kumbe vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vilipoleta amri za kutotembea usiku, bendi zilihamia kupiga mchana. Kwa hiyo nikaweka moto mwanzoni, jua kali, WITCH wa albamu ya Lazy Bones!! tangu dakika ya kwanza, na uzito wote nikaupeleka mwisho. Mikwaruzo ya santuri niliiacha.

Vijana mnataka njia ya mkato. Mnapakua nyimbo hamsini, mnabonyeza kitufe, mnaweka picha ya uyoga wa rangirangi, mnasema ni saikedeliki, muziki wa ndoto na maruweruwe. Karibu wote waliounda WITCH wameshakufa, wengi kwa UKIMWI. Jagari mwenyewe aliishia kuchimba vito ardhini kabla dunia haijamkumbuka tena na kumrudisha jukwaani. Unawezaje kumweka mtu kama huyo kwenye miksi bila kujua alitoka mtaa gani? Baki kwenye mji. Nimeshasema, narudia, baki kwenye mji.

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma na spika ndogo. Mjomba siku hizi macho hayaoni vizuri lakini masikio yapo. Nikampigia miksi yote, akiwa amekaa barazani na kikombe cha chai. Hakusema neno mpaka ilipofika "Khala My Friend", pale pale ninapopaonea fahari, zile mbili zinaposhikana. Akainua mkono.

"Mpwa wangu, mwanzo walikuwa wanapiga vizuri. Hapa mbona wameingia bafuni?"