Kwa vijana wa atachimenti (mafunzo ya kazini) mnaoanzia jikoni upande wa saladi

Juma hili nimeona tena kachumbari ikiogelea kwenye bakuli kabla pilau haijapakuliwa. Wadogo zangu, kila msimu mnashuka Malindi na vyeti vizuri, na kila msimu kosa ni lile lile. Kwa hiyo nawaandikia.

1. Saladi si lazima iwe na majani, wala iwe mbichi. Viazi vya kuchemsha na mayonezi ni saladi, maharagwe kwa siki na mafuta ni saladi, embe na papai zilizokamuliwa ndimu ni saladi. Kachumbari nayo ni saladi kamili, msiihesabu kuwa pambo la pilau.

2. Sehemu nne za saladi, yaani msingi (kinachotandazwa chini), mwili (chakula chenyewe), sosi, na pambo la juu: mlifundishwa, zishikeni.

3. Acheni kubishana kama nyanya ni tunda au mboga. Kwa mtaalamu wa mimea ni tunda, sawa na tango, hoho na parachichi. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katika ushuru nyanya ni mboga, kwa kuwa watu huila pamoja na chakula, si baada ya chakula kama matunda. Jikoni swali ni jingine: kitu hiki kikikutana na chumvi kinafanya nini? Kabichi na karoti huvumilia. Letasi na rihani hunyauka upesi. Nyanya na tango humwaga maji, na hapo ndipo mnapoangukia.

Kulikuwa na chakula cha arusi, na kijana mmoja, mchapakazi kweli, akaona awahi. Asubuhi na mapema akakata nyanya, vitunguu, pilipili na dania, akatia chumvi na ndimu, akafunika. Adhuhuri alipofunua, bakuli lilikuwa mchuzi mwekundu, dania imepoteza ukijani wake kwa ile ndimu. Akamwaga maji. Chumvi na ndimu zikaenda nayo, ikawa haina ladha. Akaongeza chumvi, na nyanya zikatoa maji mengine. Akamwaga tena! Nilipofika zimebaki ngozi na mbegu, na sinia za pilau zimeshaanza kutoka. Mama mmoja wa upande wa bibi arusi alikuwa akisukuma wali kando ya sahani usilowe. Kijana alikuwa karibu kulia, na hakuna aliyemgombeza, maana ni bidii iliyomponza.

Chumvi huvuta maji yaliyo ndani ya nyanya, na huanza kuyavuta pale pale inapoigusa. Ukitaka kuwahi, wahi na kitunguu: kikate, kifikiche kwa chumvi, kisuuze mpaka ukali upungue, kikamue. Nyanya ziondoe mbegu, uziweke peke yake. Chumvi, ndimu na dania ni za mwisho, sahani zikiwa mezani. Ukiambiwa uharakishe, sema bado.

4. Parachichi likishakatwa likamulie ndimu, lisije likawa jeusi.

5. Waitaliano wetu hapa mjini wakiagiza kaprese, saladi ya kwao, weka nyanya, jibini ya mozarela, rihani, chumvi na mafuta ya zeituni. Usiongeze kitunguu kwa ukarimu. Nimeona sahani ikirudi haijaguswa, na mteja alikuwa na haki.

6. Sosi ya siki: mafuta vipimo vitatu, siki kimoja. Majani yakaushwe kabisa kwanza, kwa kuwa jani lenye maji halishiki mafuta, sosi yote itateremka chini ya bakuli.