Kabla hujamwita fundi: nilivyoipoteza gari ya filamu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Wete, Pemba. "Shikamoo ami," kaandika. "Kuna Land Rover ya zamani huku kwetu, mwenyewe anasema waliitumia wageni waliokuja kupiga filamu. Anataka shilingi milioni nane. Nimeona gari za filamu zinauzwa mamilioni ya dola mnadani. Nataka niinunue, niitengeneze iwe mpya, kisha nitafute mnada wa nje. Unanishauri nini?"

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kila nikifika hapo kwenye "niitengeneze iwe mpya" moyo unanipasuka. Nitakujibu hapa hapa, maana najua hauko peke yako. Sote tunaopenda gari za zamani tumewahi kusimama mbele ya gari lililofunikwa turubai uani kwa mtu tukahisi riziki yetu imelala pale.

Mwaka 2016 mimi nilisimama mbele ya Peugeot 404 huko Mtoni, Unguja. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, tairi zote zimekaa chini, kuku wanataga kiti cha nyuma. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa kukodi tangu ujana wake. Akanieleza kwamba zamani walikuja Wazungu kupiga filamu Mji Mkongwe, wakaikodi gari yake pamoja na yeye mwenyewe kwa siku kumi na moja. Dereva wa kwenye filamu alikuwa mwengine, lakini vichochoroni, pale gari inapopita kwa kasi karibu ya kugusa ukuta, aliyeshika usukani ni yeye. Alikuwa akisimulia huku mikono yake inazungusha usukani hewani.

Kisha akaingia ndani, akatoka na albamu. Kulikuwa na picha moja tu. Gari ile ile, namba ya usajili inasomeka, mlangoni upande wa dereva pamefungwa fremu ya vyuma na juu yake kamera kubwa. Yeye kasimama pembeni, kofia ya kiua kichwani, mkono juu ya boneti kama mtu aliyemshika mwanawe begani. Nikaitazama, nikasema "mashaallah mzee wangu", nikamrudishia albamu yake.

Nikamrudishia. Simu ninayo mfukoni, na sikuipiga picha hata moja.

Tulikubaliana milioni sita, kadi ya gari akanipa. Gari ikapanda juu ya lori mpaka gereji ya Mwanakwerekwe, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo nikilala nalo naamka nalo. Fundi alilala chini ya gari, akaniita. "Bosi, hivi vipande vya chuma vya nini?" Chini ya sakafu, usawa wa mlango wa dereva, palichomelewa vipande viwili vya bomba vifupi, urefu wa kidole. Mlangoni kulikuwa na matundu manne yamepangika sawasawa, na chini ya dashibodi tundu la kupitishia waya. Mimi nikaona uchafu. Nikamwambia kata, ziba, piga puti, piga rangi. Akawasha grenda, cheche zikaruka, vile vipande vikaangukia kwenye beseni la vyuma chakavu. Vilikwenda kwa kilo pamoja na mabati.

Miezi mitano na milioni nne baadaye gari ilikuwa inang'aa kama kioo. Nilijivunia, sikatai. Watu walikuwa wakisimama Forodhani kupiga nayo picha.

Kupitia jamaa yangu anayefanya kazi hotelini akaja mnunuzi, mtu wa makamo kutoka Ulaya, anayekusanya gari za namna hii. Hakuitazama rangi hata kidogo. Akaniuliza picha ya siku ya upigaji iko wapi. Nikamwambia ipo kwa mzee. Akaomba mkeka, akautandika, akalala chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alinionesha kwa kidole pale palipokatwa, akaniuliza kilikuwepo nini. Nilipomweleza alifumba macho. Alisema gari ni nzuri, atanipa milioni tano, bei ya Peugeot ya zamani. Nikakataa kwa hasira.

Nikakimbilia Mtoni. Mzee alikuwa ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumba watoto wake wameiezua kuikarabati, na albamu ilinyeshewa na masika pamoja na makaratasi mengine, ikatupwa. Binti yake aliniambia kwa upole kabisa, "Tungejua una haja nayo, kaka, tungekuwekea."

Nimeshauza. Milioni nne na nusu, kwa bwana mmoja anayekodisha gari za harusi. Siku za Jumapili naiona inapita Kiembesamaki imefungwa utepe, watoto wanaikimbilia. Huwa nageuza uso.

Nilichokosa kukijua nilikuja kukijua tarehe 10 Januari 2020, siku ulipofanyika mnada wa kampuni ya Mecum kule Kissimmee, Florida. Palipandishwa Ford Mustang ya mwaka 1968, ile aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Nilitarajia kuona gari ya maonesho. Ikaja gari ya kijani iliyochakaa, rangi imechoka, ina mikwaruzo, na alama za pale vilipofungwa vifaa vya kamera bado zipo. Hawakuzikata. Nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.4, na ukijumlisha ada ya mnunuzi ikawa milioni 3.74. Wallahi machozi yalinitoka, kwa sababu zile alama nilizijua. Zangu zilikwenda kwa kilo.

Familia iliyoiuza ilikuwa nayo tangu mwaka 1974, walipoinunua kwa dola 6,000. Mke wa mwenye gari alikuwa akiiendesha kwenda kufundisha shule. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akitaka kuinunua, hawakumpa, na barua wakaiweka. Iangalie hiyo kwa makini, kijana wangu: barua ya kuombwa gari, ambayo mwengine angeifungia karanga, iligeuka kuwa ushahidi wa gari.

Na hiyo si moja. Gari ya Batman ya kipindi cha televisheni cha mwaka 1966 ilitengenezwa na George Barris kutokana na Lincoln Futura ya 1955, gari ya maonesho aliyoipata kwa dola moja. Alikaa nayo mwenyewe mpaka 2013, ikauzwa Arizona kwa dola milioni 4.62 pamoja na ada. Mkono mmoja tangu mwanzo, nani atabisha? Toyota Supra ya rangi ya chungwa aliyoendesha Paul Walker katika filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mwaka 2021 kwa dola 550,000. Najua mtaniambia hiyo ilipigwa rangi upya. Ni kweli, ilibadilishwa rangi kwa filamu ya pili kisha ikarudishwa ya kwanza, lakini ilikuja mnadani na nyaraka zake zinazothibitisha kila hatua. Mimi nilipiga rangi bila ya karatasi hata moja.

Hata mtoto wetu wa Mji Mkongwe, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa hapa 1946, Rolls-Royce yake aina ya Silver Shadow ya mwaka 1974 iliuzwa London mwezi wa Novemba 2022 kwa pauni 286,250. Inajulikana ilikuwa yake tangu 1979 mpaka alipofariki 1991. Ing'oe habari hiyo, inabaki gari kuukuu ya kunywa mafuta.

Sasa nisikilizeni vizuri, nyote. Nendeni Malindi, hapa hapa mjini, asubuhi samaki wanaponadiwa. Mnadi atapaza sauti apendavyo, lakini mchuuzi mzoefu haongezi shilingi kabla hajafunua shavu la samaki akaona wekundu wake. Mnunuzi wa gari ya filamu ndivyo alivyo. Anafunua shavu. Anataka namba ya chesisi ilingane na karatasi, anataka picha, anataka mkataba wa kukodi, risiti, jina la aliyeendesha, tundu lililotobolewa siku ile. Hadithi ya mdomo haimtoshi, hata kama ni ya kweli, na ya mzee wangu ilikuwa ya kweli.

Sisi watu wa visiwa hivi tuna maradhi ya kupenda kitu king'ae. Tunapaka chokaa juu ya milango ya mninga, tunauza masanduku ya bibi zetu tununue kabati za mbao za kubandika. Kisha mgeni akija kuvinunua kwa bei kubwa tunasema ana bahati. Ana subira, hana bahati. Acheni kuogopa kutu! Usiguse kitu kabla hujapiga picha, na ukishapiga picha usiguse bado.

Narudi kwako, wa Wete. Usitoe pesa wiki hii. Nenda kwa mwenye Land Rover, kaa naye barazani, mrekodi kwa simu akisimulia, akubali mwenyewe, na umtajie tarehe. Muulize walimlipa nani, na kama kuna karatasi. Muulize mkewe zaidi kuliko yeye, picha za nyumba wanaweka wanawake. Lala chini ya gari upige picha kila penye tundu na kila penye kuchomelewa. Namba ya chesisi iandike kwa kalamu. Picha yoyote utakayooneshwa, ipige pale pale kabla hujairudisha mkononi mwa mwenyewe.

Kama hakuna kitu, milioni nane ni nyingi, mwambie hivyo kwa adabu. Kama kipo, niambie. Nitapanda boti ya Jumamosi, na mkeka nakuja nao.