IST yangu: niiuze au niifunge gesi?

Mdogo wangu, umeuliza kama uiuze Toyota IST yako kwa hofu kwamba mafuta yataadimika, au uifunge mfumo wa gesi. Usiuze. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, kule Kilwa, inafika Dar kwa bomba tangu 2004, haingoji meli bandarini. Na petroli huipotezi: gari linawaka kwa petroli, injini ikishapata moto linahamia gesi lenyewe. Gesi ikiisha njiani, unarudi kwenye petroli.

Ila buti uisahau. Mtungi unakaa humo, tena mzito. Gunia la mchele siku hizi nalipakia kiti cha nyuma, mke wangu ananuna. Kwenye mlima nguvu inapungua kidogo. Kero yenyewe hasa ni foleni ya kujaza, bajaji zimejipanga mpaka barabarani, kwa hiyo mimi huenda usiku wa manane.

Usifungiwe na fundi wa chini ya mwembe, hata akikupunguzia bei. Gesi hiyo inajazwa kwa shinikizo la bar 200 hivi, yaani karibu mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Dai cheti cha mtungi. Kama safari zako nyingi ni za mikoani, subiri kwanza, maana vituo vingi viko Dar.